Nimefaulu PCB na baba ameshaanza kuniita "daktari": je, sababu zangu zinatosha?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 19, nimemaliza Kidato cha Sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na nimepata daraja la kwanza. Nyumbani kila mtu anajua nakwenda kusomea udaktari, na baba ameshaanza kuniita "daktari" mbele ya wageni. Mdogo wangu alifariki kwa sikoseli akiwa na miaka minne. Ugonjwa wake ulijulikana kwa kuchelewa. Kila ninapoulizwa kwa nini nautaka udaktari nasema ni kwa ajili yake. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nataka pia heshima, nataka ajira ya uhakika, na nataka baba afurahi. Naogopa mtu mwenye sababu kama hizi atakuwa daktari mbaya. Je, zinatosha? Halafu nikiona damu napata kizunguzungu. Hilo nalo ni tatizo? (Msomaji, Namtumbo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo, na pole sana kwa mdogo wako.

Nisikuzungushe. Sababu ulizozitaja ni za kawaida mno. Kazi yangu ni kutibu magonjwa ya ndani, kufundisha wanafunzi wa udaktari wodini na kuwasimamia madaktari tarajali (wahitimu walio kwenye mafunzo ya kazi), na ninapowauliza kilichowaleta, majibu yao yanafanana na yako: kuna marehemu fulani, kuna mzazi, kuna ajira, kuna "nilikuwa vizuri kwenye sayansi". Wanaosema waliletwa na huruma peke yake ni wachache, na sijaona kwamba hao ndio wanaotibu vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo ondoa hofu kwamba kutaka heshima na mshahara kumekuchafua.

Kilichonishtua katika barua yako ni kingine. Umeandika kuhusu mdogo wako, baba yako, wageni wa baba yako na maisha yako ya baadaye, lakini kazi yenyewe hujaitaja popote. Hujasema kama umewahi kukaa na mgonjwa asiye ndugu yako, kama unapenda kumsikiliza mtu anayejieleza kwa kuzunguka, kama unaweza kukesha ukiwa bado na akili timamu alfajiri. Sababu zako zote zinahusu kuwa daktari, na kuhusu kufanya kazi ya daktari hakuna hata moja. Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu nimewaona vijana wenye nia njema kabisa wakikatika mwaka wa tatu, na nimewaona wengine waliokuja shingo upande kwa amri ya mzazi wakaipenda kazi mpaka wakawa walimu wa wenzao.

Na sikulaumu, maana kwetu hakuna anayeuliza. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inaangalia ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Biolojia, chuo kinachukua wenye alama za juu mpaka nafasi zijae, na kijana anajikuta Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma bila mtu mzima hata mmoja kumkalisha na kumuuliza anachokwenda kufanya. Uingereza mwombaji hupitia usaili. Kanada, Chuo Kikuu cha McMaster kilibuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 usaili wa vituo vifupi vifupi: mwombaji anahama chumba hadi chumba, hapa anapewa mkasa aujadili, pale anakutana na mtu anayeigiza ndugu wa mgonjwa mwenye hasira, na kila chumba kina mtu wake wa kutoa alama. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi. Sidai kwamba usaili unausoma moyo wa mtu, kwani vijana hujifunza majibu matamu na kuyakariri. Faida yake ninayoiona ni kwamba kijana anajua ataulizwa, kwa hiyo anakwenda kuiona hospitali kabla ya kuomba. Wewe itabidi ujipeleke mwenyewe.

Sasa nizichukue sababu zako moja moja, nikianza na mdogo wako kwa kuwa ndiyo iliyo nzito.

Watoto wanaozaliwa na selimundu Tanzania, au sikoseli kama wengi tunavyosema, wanakadiriwa kufikia takribani 11,000 kila mwaka. Tuko miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu duniani. Hebu tujiulize pamoja: mtoto kama mdogo wako angeokolewa na nani? Wa kwanza ni mtu wa maabara, ambaye angempima mapema, ikiwezekana akiwa bado mchanga. Wa pili ni muuguzi wa kliniki, ambaye angehakikisha anapata chanjo zote na penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, kwa sababu bandama la mtoto wa selimundu haliwezi kumkinga na vijidudu kama la mtoto mwingine. Kisha kuna yule ambaye angemfundisha mama kupapasa bandama la mwanawe, kumlaza kwenye chandarua, na kukimbilia kituoni mara homa inapopanda au viganja vinapopauka ghafla. Kuna mfamasia wa kuhakikisha haidroksiyurea, dawa ya selimundu, haikosekani. Kuna mtu asiyemfahamu kabisa aliyechangia chupa ya damu. Daktari yumo, na nafasi yake ni kubwa, ila mara nyingi mtoto humfikia akiwa ameshazidiwa.

Nimekupitisha huko kwa makusudi. Ukisema "kwa ajili ya mdogo wangu" unaweza kuwa na maana mbili, na ni vizuri ujue yako ni ipi. Kama unachotaka ni watoto wengine wagundulike mapema, basi maabara, uuguzi, famasia na afya ya jamii ni njia zinazofika huko moja kwa moja, pengine mapema kuliko udaktari. Hata ndani ya udaktari, kazi kubwa ya selimundu haiko wodini peke yake. Profesa Julie Makani wa Muhimbili, bingwa wa magonjwa ya damu aliyepewa tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake juu ya ugonjwa huu, amefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye utafiti: kuwaandikisha wagonjwa, kuwafuatilia miaka na miaka, kutafuta ni nini kinachowaua na nini kinawaokoa. Huo ni mwendo wa mtu mwenye subira na takwimu, na si kila anayetaka kutibu anautaka.

Lakini kama unachotaka ni wewe uwe yule aliyesimama pembeni ya kitanda siku ile na kujua la kufanya, basi huo ndio udaktari, na ujue na gharama yake. Wagonjwa wako wengi hawatafanana na mdogo wako. Utamtibu mzee mwenye shinikizo la damu asiyemeza dawa, na ukimuuliza kwa nini atakutazama tu. Utashona kidonda cha mlevi anayekutukana huku unashona. Na kwenye wodi ya watoto, watoto hufariki. Nawajua madaktari ambao msiba wa nyumbani umewafanya wawe makini kwa kila mgonjwa, hawapitishi homa yoyote kirahisi. Nawajua wengine ambao kila mtoto anayewafia ni yule yule wa nyumbani, wanamzika upya kila wiki, na baada ya muda wanaomba kuhamishwa. Sijui wewe utakuwa upande gani, na hata wewe hujui mpaka ujaribu. Ila kabla hujajaribu, zungumza na mtu kuhusu kifo chake: mama, shangazi, mshauri wa shule, kiongozi wako wa dini. Usiuache udaktari uwe ndiyo matanga yako.

Na hapa hapa nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Kama hujawahi kupima selimundu, kapime. Ndugu wa mgonjwa ambaye yeye mwenyewe ni mzima ana uwezekano wa wawili kwa watatu kuwa amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Hakitakuumiza, lakini ukizaa na mtu aliyebeba kama wewe, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Ni vizuri kulijua hilo mapema, uwe daktari au usiwe.

Heshima sitakaa nayo sana. Ipo, na hakuna ubaya kuitaka. Mtaani watakuita daktari hata ukienda kununua nyanya. Lakini ndani ya hospitali, kwa miaka mingi utakuwa mdogo kuliko wote. Utasahihishwa mbele ya wagonjwa. Utagombezwa na ndugu kwa sababu dawa imeisha stoo, dawa ambayo si wewe uliyeshindwa kuiagiza. Mgonjwa wako atapona akaenda kumshukuru mganga wa kienyeji, au kutoa ushuhuda kanisani bila kukutaja. Ukiweza kufurahi kimoyomoyo kwamba amepona, heshima uliyoitaka haitakusumbua. Usipoweza, utaidai kwa wauguzi na kwa wagonjwa, na wote wataiona njaa yako.

Ajira ya uhakika. Hapa, mwanangu, baba yako anaikumbuka Tanzania ya zamani, wakati mhitimu wa udaktari alipangiwa kituo akiwa hajamaliza hata kufungua mabegi. Hali imebadilika. Shahada ya udaktari, MD, ni miaka mitano, ukifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Baada ya hapo unapata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kisha unasubiri nafasi zitangazwe na serikali, au unazunguka na vyeti hospitali binafsi na za mashirika ya dini. Wapo wanaopata upesi. Wapo wanaokaa miezi, hata miaka, wakijitolea kwa posho ndogo huku nchi hiyo hiyo ina zahanati zisizo na mtu wa kutosha. Ni jambo linalonikera sana, kwa sababu upungufu wa madaktari na madaktari wasio na kazi havipaswi kuwa katika nchi moja, lakini ndivyo tulivyo: wahitimu wameongezeka, bajeti ya mishahara haikuongezeka kwa kasi ile ile. Ukiajiriwa, kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara. Ukitaka ubingwa, kuna MMed, miaka mitatu au zaidi. Rafiki zako waliosoma biashara watakuwa wameshajenga wewe ukiwa bado unafanya mitihani.

Hata hivyo, usiwasikilize watakaokuambia kwamba daktari wa kweli hafikirii pesa. Neno "wito" limetumika sana kuwanyamazisha watu wanaodai haki zao. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari wa hospitali za umma Kenya waligoma siku 100, na Machi 2024 wakagoma tena kwa takribani wiki nane, hoja mojawapo kubwa ikiwa malipo ya madaktari tarajali na kupangiwa vituo. Sisi nasi tulikuwa na mgomo mwaka 2012. Wagonjwa waliumia katika migomo hiyo na sitaki kulipunguzia hilo uzito, lakini waliogoma hawakuwa watu waliokosa wito. Walikuwa watu wanaolipa kodi ya nyumba na kusomesha wadogo zao. Kutaka kulipwa vizuri kwa kazi ngumu ni akili timamu. Ninachokuonya ni kimoja tu: kama pesa ndiyo sababu yako ya kwanza, udaktari ni njia ndefu ya kuifikia, na kijana mwenye daraja la kwanza la PCB ana njia fupi zaidi.

Baba. Watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wametumia miongo kadhaa kuchunguza kinachomsukuma mtu kufanya jambo. Katika waliyoyaeleza, kuna moja linalonisaidia sana ninapozungumza na wanafunzi: sababu iliyotoka nje inaweza kuingia ndani ikawa yako. Mtu anaanza kwa kumtii mzazi, halafu anaielewa thamani ya kile anachofanya, mwisho anakifanya kwa hiari hata mzazi asipokuwepo. Kinachozuia hilo lisitokee ni kushinikizwa, kuaibishwa na kunyimwa nafasi ya kusema hapana. Kwa hiyo la kujiuliza ni hili: ukimwambia leo kwamba umechagua famasia, nini kitatokea? Kama atanuna wiki mbili kisha akubali, basi unao uhuru, na ukichagua udaktari utakuwa umechagua wewe. Kama unaona nyumba itawaka moto, basi mwite mjomba au mtu mzima anayemsikiliza, wazungumze kabla hujajaza fomu. Nimekuwa na mwanafunzi aliyefika mwaka wa nne ndipo akamwambia mzazi wake kwamba hajawahi kuitaka kozi hii. Mazungumzo yale yalikuwa magumu mara kumi kuliko ambavyo yangekuwa siku ya kujaza fomu.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana niliahidi.

Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa udaktari tangu wanaingia chuoni. Walipima uwezo wao wa kuyaona mambo kwa macho ya mgonjwa. Alama zilikaa vizuri miaka miwili ya darasani, zikashuka mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ndio wanafunzi wale walipoanza kuingia wodini. Yaani huruma ilipungua pale pale walipokutana na wagonjwa wenyewe. Wapo watafiti wanaobishania ukubwa wa anguko hilo na namna ya kulipima, lakini mwalimu yeyote wa wodini anaitambua picha yenyewe. Kijana aliyekuja na machozi ya kuwasaidia wanyonge ananitolea taarifa ya "kitanda namba saba". Hajawa mbaya. Amechoka, ana mtihani, anaogopa kuulizwa asilolijua, na wakubwa wake anaowaiga nao husema hivyo hivyo.

Nia njema pekee haimvushi mtu hapo. Kinachomvusha, kwa nilivyoona, ni kumtaka kumjua mgonjwa. Nikuonyeshe. Kwenye raundi moja tulikuwa na mzee mwenye moyo uliochoka, amelazwa kwa mara nyingine, miguu imevimba, analala amekaa. Mwanafunzi aliyempokea alisoma taarifa nzuri: mapigo, vipimo vya figo, picha ya kifua, dozi ya kila dawa. Nikauliza kwa nini anarudi kila mara wakati dawa ni sahihi. Kimya. Kisha msichana mmoja aliyesimama nyuma, ambaye si katika wale wenye alama za juu, akasema: "Hamezi kidonge cha kupunguza maji mwilini siku za mnada. Anakaa sokoni kutwa na choo kiko mbali." Alilijuaje? Jioni iliyotangulia alikaa kitandani pake na kumuuliza siku yake inavyokwenda, tangu asubuhi hadi usiku. Tulibadilisha saa ya kumeza kidonge siku za mnada. Ni jambo dogo, halimo kwenye mtihani wowote, lakini ndilo lililokuwa linamrudisha mzee yule wodini. Nilipomtazama yule binti, alikuwa na uso wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Furaha hiyo ndiyo ninayotaka ujue kama unayo. Haihitaji uwe mtakatifu. Inahitaji uwe mdadisi wa watu, na udadisi huo usiishe kwa mgonjwa wa ishirini.

Kuna upande mwingine wa kazi ambao hauna maneno kabisa. Saa tisa usiku, mtoto wa miezi minane aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani, na wewe unatafuta mshipa wa kuweka kanula ya dripu. Mshipa wa mkono wa kulia umepasuka, wa mkono wa kushoto umepasuka, mguuni hakuna kitu. Mama analia, muuguzi anakushikia taa ya simu. Mikono yako inatakiwa itulie, na ukishindwa unatakiwa useme "nimeshindwa, niitieni mkubwa" bila kuona haya, kwa sababu kuona haya kwako kunaweza kumuua mtoto. Mtu anayeweza kusema maneno hayo ana sifa moja kubwa ya udaktari, na haiandikwi kwenye cheti cha Kidato cha Sita.

Nikurudishe kwenye hofu yako, kwamba sababu mbaya huzaa daktari mbaya. Mfikirie Denis Mukwege wa Bukavu, Kongo. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto alikuwa akifuatana naye kuwaombea wagonjwa. Siku moja aliona baba yake amemwombea mtoto mgonjwa akaondoka bila kumpa dawa, akamuuliza kwa nini. Baba akamjibu kwamba dawa ni kazi ya muganga, yaani daktari kwa Kiswahili cha kule. Mtoto akaamua kwamba yeye atakuwa muganga, ili baba aombe naye atoe dawa. Ukiipima kwa kipimo chako, ni sababu ya mtoto anayetaka kufanya kazi na baba yake. Alisoma Burundi akitaka kuwatibu watoto. Alipofanya kazi hospitali ya Lemera, milimani, akawaona wanawake wanaofika hoi kwa uchungu wa kujifungua, wengine wameshapoteza mtoto, akabadili nia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alirudi. Vita ilipokuja mwaka 1996 Lemera ilishambuliwa na kuharibiwa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa nia ya wanawake wajifungue salama, na mgonjwa wa kwanza kulazwa alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri. Kazi iliyompa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 haikuwemo katika sababu zake zozote za mwanzo. Ilimkuta kazini, naye akawa tayari kuipokea kwa sababu alikuwa anawatazama wagonjwa waliokuwa mbele yake.

Kwa hiyo usihangaike kuitengeneza sababu yako iwe safi. Nenda kaione kazi. Mtafute mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uende na barua ya serikali ya kijiji na nakala ya matokeo yako, uombe kukaa pale angalau wiki mbili. Hutatibu na hutagusa dawa. Utapokea watu, utapanga kadi, utasaidia kupima uzito siku ya kliniki ya watoto, utafagia ukiambiwa ufagie. Utakayoyasikia huko yabaki huko, hata mama yako asiyajue. Ukirudi nyumbani jioni, usijiulize kama ulijisikia vizuri, maana siku za kwanza kila kitu ni kipya. Jiulize kama kuna mgonjwa ambaye bado unamfikiria, unataka kujua imekuwaje. Jiulize ulijisikiaje alipofika mtu wa kumi na tano mwenye malalamiko yale yale ya wa kwanza. Na muulize mganga mfawidhi anafanya nini siku ambayo mgonjwa yupo na dawa hakuna. Jibu lake litakufundisha mengi kuhusu kazi hii kwetu.

Ukitoka huko ukiwa hutaki, ni ushindi, umejiokolea miaka sita. Ukitoka ukiwa unataka ila mashaka yamebaki, kuna stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Wapo matabibu waliofanya kazi, wakapima mioyo yao wakiwa wanatibu kweli, kisha wakajiunga na MD, na wodini huwa najua ni wao kabla hawajaniambia. Ukitoka unataka zaidi, weka MD chaguo la kwanza bila kuomba radhi kwa mtu.

Na usione haya kwamba umetoka Namtumbo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 kuhusu kuwapata na kuwabakiza wahudumu wa afya vijijini, lilipendekeza vyuo vichukue wanafunzi zaidi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Unakijua kilimo cha kule, unajua mama anatembea umbali gani akiwa na uchungu. Ni maarifa, hata kama hayakuhesabiwa kwenye pointi zako.

Damu, sasa. Kizunguzungu hakimnyimi mtu udaktari. Wanafunzi wengi huanguka au hukaribia kuanguka mara ya kwanza chumba cha upasuaji, na wapo madaktari wazuri wa upasuaji miongoni mwao. Mwili unashusha mapigo na shinikizo ghafla, damu inapungua kichwani. Siku utakapokwenda kuangalia, kula kifungua kinywa, kunywa maji ya kutosha, usisimame umekaza magoti, chezesha vidole vya miguu na kaza misuli ya mapaja. Ukiona jasho baridi au masikio yanavuma, mwambie aliye karibu, rudi nyuma mbali na meza ya upasuaji, keti chini sakafuni. Wengi huzoea ndani ya wiki chache. Asiyezoea kabisa bado ana afya ya akili, ana kusoma picha za eksirei na CT, ana afya ya jamii, na kote huko tuna upungufu wa watu.